Mtwara hadi Dar es Salaam: ndege, basi au gari lako?

Ukiuliza Mtwara na Dar ni mbali kiasi gani utapewa majibu mawili, na yote ni ya kweli. Kwa ndege ni kilometa 400 hivi. Kwa barabara ni kama 560. Hizo kilometa 160 za ziada zimeletwa na maji. Barabara ikishapita Mikindani inaingia bara hadi Mnazi Mmoja ili kuizunguka hori ya Lindi, ule mdomo ambamo Mto Lukuledi unamwaga maji baharini. Ikifika Rufiji inakutana na delta, nayo haipitiki, kwa hiyo inakwenda tena magharibi hadi Daraja la Mkapa, karibu na Ikwiriri, ndipo igeuke kuelekea Kibiti.

Ndege haina habari na hayo. Ukichora mstari ulionyooka toka Mtwara hadi Dar, sehemu kubwa unapita juu ya bahari: Kilwa, Songosongo na delta ya Rufiji zinabaki kushoto, Mafia kulia. Anayependa kuangalia nje aombe siti ya dirishani upande wa kushoto akiwa anakwenda Dar, na wa kulia akirudi. Ndege ndogo za njia hii, ATR na Dash 8, mabawa yake yamekaa juu ya madirisha, kwa hiyo hayazibi kitu.

Ila umbali peke yake haumsaidii mtu kuamua. Wengi wanaangalia ile "saa moja" iliyoandikwa kwenye ratiba ya ndege, wanailinganisha na saa kumi za basi, mjadala umekwisha. Hapa ninazilinganisha njia tatu kwa mambo matano: muda wa mlango kwa mlango, pesa, mzigo, uhakika wa kufika siku uliyopanga, na hali ya mwili wako. Jambo la sita linaingia ndani ya yote hayo, nalo ni mahali unapoanzia. Mtu wa Shangani Mtwara, mtu wa Lindi mjini na mtu wa Masasi wote tunawaita watu wa Kusini, lakini hesabu zao hazifanani hata kidogo.

Muda, kuanzia mlangoni

Tuanze na ndege. Mashirika yaliyozoeleka katika njia hii ni Air Tanzania na Precision Air, na ratiba huandika kama saa moja, pengine na dakika kumi juu. Dash 8 Q400 ikishakaa sawa angani inakimbia kama kilometa 660 kwa saa, ATR 72 kama 500. Kwa hesabu ya darasani kilometa 400 zingeisha kwa dakika 36 kwa ile ya kwanza na 48 kwa ya pili. Muda unaobaki unaliwa na kuzunguka uwanjani, kupanda, kushuka na kungoja zamu ya kutua Dar. Kwa hiyo tofauti ya aina ya ndege ni kama dakika 12 tu. Usikate tiketi kwa kufuata ndege gani ina mbio. Fuata saa ya kuondoka.

Sasa ongeza yale ambayo ratiba haiyaandiki. Uwanja wa Mtwara uko karibu na mji, bajaji haichukui muda. Lakini unatakiwa kuwahi, na saa moja na nusu kabla ya kuruka ni kiasi cha kukufanya utulie. Ukitua Dar, weka nusu saa ya kushuka na kungoja begi. Halafu inakuja Barabara ya Nyerere. Anayekwenda Kariakoo asubuhi ya Jumapili atafika upesi. Anayekwenda Tegeta au Bunju saa kumi na moja jioni siku ya kazi ataijua foleni. Jumla, kwa mtu wa Mtwara mjini, ni saa nne hadi tano.

Basi ni saa tisa hadi kumi. Mwendo wa mwisho kwa basi la abiria ni kilometa 80 kwa saa, na vifaa vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vya kufuatilia mwendo vinamchongea dereva anayezidisha. Kilometa 560 kwa mwendo huo ni saa saba bila kusimama popote, jambo ambalo halipo. Kuna vijiji vya mwendo wa 50, mizani, kuingia Lindi kushusha na kupakia, kuchimba dawa, na kula. Hapo kwenye kula ndipo utamsikia konda: "Dakika kumi na tano, jamani, anayechelewa tunamwacha!" Zinageuka nusu saa, kwa sababu dereva mwenyewe ndio kwanza anatafuna pweza.

Basi lina faida moja ya muda ambayo watu wanaisahau: linaingia Dar kwa kusini. Anayeishi Mkuranga, Vikindu, Kongowe au Mbagala anashuka mlangoni kwake, wakati yule wa ndege anatua Kipawa, uliko uwanja wa Dar, halafu anaanza safari nyingine kurudi alikopitia basi. Anayekwenda Mbezi au Kimara, kinyume chake, akifika Mbagala Rangi Tatu bado ana mji mzima wa kuukatisha.

Gari binafsi likiendeshwa kwa adabu ni saa nane hivi. Unaondoka utakapo, ila kutoka Mtwara hadi Mnazi Mmoja unagawana barabara na malori ya saruji ya kiwanda cha Dangote na yale ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kwenda bandarini. Kulipita moja ni rahisi. Yakiwa sita yamefuatana, vumilia.

Ukiwa Lindi, Masasi au Newala

Hapa ndipo hesabu inapogeuka. Mtu wa Lindi mjini anayetaka ndege ya Mtwara anarudi kusini zaidi ya kilometa 100 ili apate kwenda kaskazini. Weka saa moja na nusu hadi mbili za Koasta au Noah, kuwahi uwanjani, kuruka, begi, foleni ya Dar: saa sita na nusu, pengine saba. Basi la moja kwa moja toka Lindi, kilometa 450 na ushee, ni saa saba hadi nane. Utakuwa umelipa nauli ya ndege ili kuokoa saa moja. Kwa mtu wa Lindi ndege inaleta maana kwa sababu nyingine (mgonjwa, kuunganisha ndege ya kwenda mbali, barabara kukatika) kuliko kwa sababu ya muda.

Masasi ni jirani wa mbali. Kwenda Mtwara uwanjani ni kilometa 200 hivi kwa njia ya Ndanda na Mnazi Mmoja, na ukifika hapo Mnazi Mmoja uko njia panda: kulia Mtwara, kushoto Lindi na Dar. Basi la Masasi hadi Dar linakula karibu kilometa 600, yaani siku nzima au usiku mzima. Kwa ndege utatumia saa saba hadi nane, kwa hiyo unaokoa saa mbili au tatu, mradi usilazimike kulala Mtwara ili kuwahi ndege ya asubuhi. Ukilala, umeshapoteza ulichookoa, na bili ya gesti juu.

Wa Newala aangalie barabara kwanza. Kipande cha Mtwara hadi Mnivata, kilometa 50, kina lami. Kuanzia hapo kwenda Newala na Masasi ujenzi umekuwa ukiendelea, na siku ya mvua muda wako wa kufika uwanjani unategemea hali ya kipande hicho.

Pesa

Nauli ya basi inapangwa kwa kilometa. Kwa viwango ambavyo LATRA ilitangaza Desemba 2023, daraja la kawaida ni shilingi 48.47 kwa kilometa na daraja la kati ni 67.84. Zidisha mara 560: utapata kama shilingi 27,000 kwa la kawaida na 38,000 kwa la kati. Mpiga debe akikutajia zaidi ya hapo, muulize tiketi imeandikwa daraja gani, halafu mwangalie anavyobadilisha mazungumzo.

Nauli ya ndege haina bei moja. Siti ileile inauzwa kwa bei tofauti kwa aliyekata wiki tano kabla na aliyekata jana, na kwa kawaida ni mara kadhaa ya nauli ya basi. Inapanda zaidi msimu wa korosho, kuanzia Oktoba minada inapoanza, maana wanunuzi, watu wa benki na maofisa wote wanataka siti zilezile chache. Sikukuu ya Idi, Krismasi na shule kufungwa nazo hivyohivyo. Ukijua utasafiri Desemba, usingoje Desemba.

Lakini weka kwenye mizani na gharama za pembeni. Wa basi anakula njiani na siku yake ya kazi imekwenda. Wa ndege analipia bajaji huku na teksi kule, na teksi ya Kipawa hadi Bunju inaweza kukaribia nauli ya basi toka Mtwara. Aliye na duka, akilifunga siku moja kwenda na siku moja kurudi, ajumlishe na hayo mauzo yaliyolala. Mwanafunzi anayerudi chuoni hana duka la kufunga. Kwake basi ni basi.

Gari lako: chukua kilometa 560 ugawe kwa kilometa linazokwenda kwa lita. Linalokwenda 10 kwa lita litakunywa lita 56. Bei ya lita EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, huitangaza upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mafuta yanayoshukia Bandari ya Mtwara yana bei yake kwenye jedwali, kwa hiyo angalia kama ni nafuu kujaza Mtwara au Dar. Ukiwa peke yako gari ni ghali kuliko basi kwa mbali. Mkiwa wanne au watano mnakaribiana na nauli za daraja la kati, na mnashukia mlangoni.

Mzigo: hapa Kusini si jambo dogo

Hakuna anayetoka Mtwara mikono mitupu. Kuna korosho za shangazi wa Temeke, samaki wakavu wa jirani, ming'oko (vile viazi vya porini) ya mtu aliyekaa Dar miaka mingi na bado anaiulizia, na kinyago cha mpingo ambacho mgeni amekinunua bila kukinyanyua kwanza. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Kinyago cha urefu wa mkono kinaweza kumaliza nusu ya uzito wako unaoruhusiwa.

Kwenye ndege, tiketi nyingi za daraja la kawaida zinakupa kilo 23 za begi la chini na kama 7 za mkononi. Soma tiketi yako, maana zile za bei ya chini kabisa zina masharti yake. Kilo inayozidi inalipiwa. Samaki wakavu wafungwe vizuri hasa, ndani ya ndoo yenye mfuniko, la sivyo mtu wa kaunta atakutazama na foleni nzima itakutazama. Pawa benki iwe mkononi, si kwenye begi la chini. Kinyago chenye ncha nyembamba kizungushie kanga kwanza, ndipo ukiweke katikati ya nguo.

Basi lina buti, na buti inabeba karibu kila kitu. Kubaliana bei ya mzigo kabla haujapakiwa, kwa sababu baada ya kupakiwa konda ndiye mwenye nguvu. Andika jina na simu yako juu ya gunia kwa kalamu nene. Magunia yote yanafanana usiku pale Mbagala. Korosho zilizobanguliwa hazina shida kokote. Magunia ya korosho ghafi bila vibali ni habari nyingine: mtaulizwa mambo ya kangomba, ule ununuzi haramu wa korosho nje ya mfumo rasmi, na basi zima litakungoja.

Gari binafsi linashinda kwa mzigo, hilo halina ubishi.

Kuna njia ya nne ambayo wafanyabiashara wa Mtwara wanaitumia sana: mtu anapanda ndege, mzigo unapanda basi kama kifurushi. Unautuma jioni kwenye ofisi ya basi, unachukua risiti, wewe unaruka asubuhi, na mtu wako anaupokea Mbagala. Nauli ya kifurushi mara nyingi ni ndogo kuliko kulipia kilo zilizozidi uwanjani.

Uhakika wa kufika siku uliyopanga

Katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, njia zote tatu zinategemewa. Masika ndiyo yanayotenganisha. Aprili na Mei 2024 Rufiji ilifurika, kisha kimbunga Hidaya kikaja mwanzoni mwa Mei, na barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika maeneo ya Somanga. Abiria walikwama pande zote mbili. Barabara ikikatika pale hakuna ya pembeni: utazunguka Masasi, Tunduru, Songea, Njombe na Morogoro, safari ya siku mbili na zaidi. Wakati kama huo ndege inaacha kuwa anasa.

Ndege nayo ina udhaifu wake, na unatokana na uchache. Basi likiharibika Nangurukuru, kuna mabasi mengine nyuma yake na utapata hata siti ya katikati. Ndege ikiahirishwa unaweza kuambiwa uje kesho, kwa sababu hakuna nyingine siku hiyo. Mwenye mahojiano ya kazi saa tatu asubuhi asiruke asubuhi ileile. Aruke jana yake au apande basi. Uwanja wa Mtwara, ambao ukarabati wake ulizinduliwa 2023, sasa una njia ya kurukia ya mita 2,800 na unapokea ndege kubwa kuliko zamani, lakini njia ndefu haiongezi idadi ya safari kwa siku.

Mwili

Saa kumi za kukaa si za kila mgongo. Mzee mwenye miguu inayovimba, mama aliyejifungua kwa upasuaji, mtu anayefuata kliniki Muhimbili: hawa ndege inawafaa, ila shirika linaweza kudai barua ya daktari, na kwa mjamzito barua huanza kuulizwa karibu na wiki ya 28. Anayeshindwa kubana haja muda mrefu naye afikirie mara mbili kuhusu basi. Kuchimba dawa kunategemea huruma ya dereva, na kwa mwanamke vichaka vya Kiranjeranje havina staha.

Kwa upande mwingine wapo wanaoogopa ndege kweli kweli, na ndege ndogo ikipita kwenye mawingu ya masika inatikisika. Usimlazimishe bibi yako.

Mabasi ya usiku yameruhusiwa tena tangu Oktoba 2023, baada ya marufuku ya tangu miaka ya 1990. Yanaokoa siku: unaondoka jioni, alfajiri uko Mbagala. Bei yake ni usingizi mbovu na barabara yenye giza, ambako kundi la ng'ombe au lori lililoharibika bila taa linaonekana limeshakaribia. Kwa gari binafsi ningesema bila kusita: usiku huo lala. Basi la usiku huwa na dereva wa pili, wewe huna.

Kwa hali yako

Uko Mtwara mjini, una kikao Dar kesho kutwa na unarudi siku inayofuata: ndege, na ikate leo. Kama mfuko ni mdogo, nenda na basi la usiku na urudi kwa ndege, usifanye kinyume. Ndege ya kwenda ikiahirishwa kikao kinakupita. Ya kurudi ikiahirishwa umelala Dar usiku mmoja tu.

Uko Lindi mjini, afya njema, huna haraka ya saa moja: basi la asubuhi la moja kwa moja. Ndege ya Mtwara iwekee masika na wagonjwa.

Mnahamia Dar, au mnakwenda harusini mkiwa familia ya watu watano na majungu: gari, mkiwa na madereva wawili. Mkiwa na mmoja, vunjeni safari Nangurukuru au mchepuke Kilwa Masoko mkalale na kuona bahari.

Mwanafunzi, fundi, au mtu wa mzigo mkubwa na muda wa kutosha: basi la mchana, siti ya katikati ya basi, mbali na tairi la nyuma.

Una mtoto mchanga: wa chini ya miaka miwili hulipa sehemu ndogo tu kwenye ndege akipakatwa, na saa moja ya kulia ni nafuu kwa wote kuliko saa kumi.

Dar si mwisho wa safari yako. Kama unaendelea na ndege nyingine, jitahidi tiketi zote mbili ziwe za shirika moja na zikatwe pamoja, ili ya kwanza ikichelewa wakupangie nyingine. Ukizikata mbalimbali hasara ni yako. Angalia pia unaondokea jengo gani, maana ndege za nje zinatumia jengo la tatu. Kama unakwenda Dodoma, tangu 2024 kuna treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa: ndege ya asubuhi toka Mtwara na treni ya mchana au jioni vinakufikisha Dodoma siku hiyohiyo. Kwa basi la mchana hadi Dar utalala Dar, na hiyo gesti uihesabu kabla hujasema ndege ni ghali.